Paka Shume wa Jirani na Nyau Wangu wa Ndani

Mtu aliyezaliwa Mvita au Amu hawezi kusema kwamba paka ni mnyama mgeni kwake. Nyau, kama wamwitavyo wazee wetu, hulala barazani bila kuulizwa ni wa nani, hungoja vichwa vya samaki pale wavuvi wanapoteremsha, na hupita baina ya safu msikitini wala hapana amfukuzaye. Ni wa mtaa mzima. Wahenga walisema paka wa nyumba haingwa, na kwetu mtaa wote ni nyumba yake. Kwa hivyo nilipokaribia kugombana na bibi kizee wa watu kwa ajili ya paka, tena huko Siongiroi, mbali na bahari, niliona haya hata kuwaeleza ndugu zangu wa nyumbani. Leo nawaeleza gazetini.

Siongiroi iko Chepalungu, katika Kaunti ya Bomet. Wasomaji wengi huijua nchi ya Wakipsigis kwa chai ya Kericho, ile iliyopunguzwa sawasawa mlima hadi mlima. Lakini ukishauacha mji wa Bomet ukateremka upande huo, chai huanza kuadimika, na machoni huja mahindi na ng'ombe wa maziwa. Asubuhi pikipiki hupita na madebe ya maziwa zikiyapeleka kwenye mitambo ya kupozea. Kazi ya ualimu ndiyo iliyonifikisha huko, mimi na mke wangu, binti yetu wa miaka saba, na paka.

Paka mwenyewe alikuwa wa marehemu mama yangu. Alipofariki, hapana ndugu aliyetaka kubaki naye, kwani alikuwa amezeeka na mwenye madeko mengi, nami sikuweza kumtupa sokoni paka aliyekuwa akilala juu ya msala wa mama. Basi tukamtia katika tenga, tukalifunga wavu juu, akalia kutoka Mombasa hata Mtito Andei, kisha akanyamaza kama mtu aliyekata tamaa.

Tulipofika tukaona heri asitoke nje. Majirani wana mbwa, na katika kila boma kuna dawa ya kuogeshea ng'ombe, na wengine hutega sumu ya panya. Nyau wetu hakujua lolote katika hayo. Tukamwekea sanduku la mchanga jikoni na mto wake dirishani, mahali pa jua, akakaa humo kama bibi arusi. Miezi mitatu ilipita kwa salama.

Halafu akaja shume.

Alikuwa wa jirani yetu, bibi kizee ambaye kila mtu humwita Kogo, yaani nyanya. Dume la rangi ya kutu, kichwa kikubwa, sikio moja limechanika. Kila jioni baada ya magharibi alipanda kwenye kizingiti cha dirisha letu, akakaa nje ya kioo, na kumkodolea macho nyau wetu aliye ndani. Nyau akavimba mkia, akatoa sauti ambayo sikupata kuisikia kwake. Shume akishachoka kutazama, huteremka, akageuza mgongo, akaurushia mlango wetu mkojo. Harufu yake, ndugu msomaji, haielezeki gazetini. Haukupita muda nyau naye akaanza kukojoa mikekani, yeye ambaye kwa mama hakukosea hata siku moja.

Haya yote ningeyavumilia. Lakini jioni moja binti yangu alimwona nyau ametuna mbele ya kioo, akadhani anaogopa, akanyosha mkono ampapase. Nyau akageuka kama umeme, akamparura kuanzia kiwiko hadi kifundo cha mkono, na kisha akamng'ata. Nyau yule yule anayelala naye!

Tuliosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa robo saa nzima, jambo ambalo kila mzazi yampasa alijue, kisha tukaenda hospitali kwa ajili ya sindano. Watu hudhani kichaa cha mbwa ni cha mbwa tu. La. Ni kweli kwamba wengi wanaokufa kwacho wameumwa na mbwa, na mpango uliotangazwa nchini Kenya mwaka 2014 wa kukitokomeza kabla ya 2030 umeelekezwa zaidi kwa mbwa. Lakini paka naye hukipata na hukiambukiza, na dalili zikishamtokea mtu ni nadra mno kupona. Daktari aliniuliza kama paka wangu amechanjwa. Hakuchanjwa. Nilisema ni wa ndani, haendi popote. Akanitazama tu. Tukaambiwa tumtunze ndani tumwangalie siku kumi, na hizo siku kumi sikuzimaliza kwa usingizi.

Usiku ule kijana mmoja anayetuletea kuni alinishauri jambo. Chukua dagaa, akasema, utie sumu ya panya, uweke dirishani. Asubuhi hapatakuwa na shume, na Kogo atadhani amekula panya aliyekufa. Naungama mbele ya wasomaji kwamba sikumkemea papo hapo. Nilimwambia nitafikiri. Nililala na fikira hiyo, nikaamka nayo.

Kilichonizuia ni hadithi tuliyosomeshwa chuoni tungali wadogo, iliyo katika Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie vidudu vya ardhini. Ikiwa aliyemfungia paka wake mwenyewe malipo yake ni hayo, itakuwaje kwa anayemwua kwa hila paka wa jirani? Na huyo jirani naye ana haki ambayo Jibrili alimuusia Mtume wetu (S.A.W.) hata akadhani jirani atapewa urithi. Lakini hadithi ile ilinigusa na upande wa pili, nikashtuka. Mimi namlisha nyau wangu, sawa. Je, vidudu vya ardhini?

Kesho yake, ilikuwa Jumamosi, nikaenda kwa Kogo. Sikwenda mikono mitupu. Nilichukua sukari kilo mbili. Nikabisha, nikasema "Chamgei," akaniitikia, akanikalisha. Kabla sijafungua kinywa aliuliza habari za mkono wa mtoto. Khabari zilikwisha mfikia. Kisha akaleta mursik, maziwa yaliyogandishwa katika kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet, yenye rangi ya majivu. Kwa mtu wa pwani aliyezoea chai ya tangawizi, mara ya kwanza ni mtihani. Hii ilikuwa mara yangu ya nne, nami nikaimaliza bila kukunja uso.

Nilikuwa nimejipangia maneno. Nilitaka kumwambia amfunge paka wake usiku. Kama angekataa, nilifikiri kulipeleka jambo kwenye kokwet, kikao cha ujirani ambako wazee wa Kipsigis huamua mambo ya mipaka na mifugo. Hebu fikiri, mwalimu mzima kuwakusanya wazee chini ya mti kwa ajili ya paka!

Kogo hakunipa nafasi. Alininyanyua akanipeleka kwenye ghala lake la mahindi, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti, akanionyesha magunzi yaliyotafunwa pembeni. "Mwaka ule paka ilikufa," akasema, "panya ilikula mpaka tukanunua unga dukani. Hii ni askari yangu, mwalimu." Kisha akaniuliza, bila ubaya wowote, swali ambalo lilinikwama kooni: "Na ile yako, ilifanya makosa gani mkaifunga?"

Nilicheka, naye akacheka, lakini nilirudi nyumbani nikitafakari. Nilidhani mgogoro ni baina ya paka wawili, kumbe ni baina ya mila mbili za kufuga, na yangu wala si ya pwani. Kwetu paka ni wa mtaa. Kwa Kogo ni wa ghala. Mimi nimezua ya tatu. Na kama ni suala la nani ametangulia, Kogo ana hoja. Wataalamu wa mambo ya kale waliwahi kueleza mwaka 2004 juu ya paka aliyezikwa kando ya kaburi la mtu katika kisiwa cha Cyprus yapata miaka 9,500 iliyopita, zama za wakulima wa mwanzo; na wengi huamini kwamba paka alimkaribia mwanadamu kwa kufuata panya waliofuata nafaka. Ghala lilikuja kwanza, mto wa dirishani baadaye sana.

Nilimwita afisa wa mifugo, aliyezoea ng'ombe, akatabasamu kuona mgonjwa wake. Akamchanja nyau, akamchanja na shume kwa ridhaa ya Kogo. Akanieleza kwamba nyau hakumchukia mtoto. Paka anayemwona adui asiyeweza kumfikia hupandwa na ghadhabu, na ghadhabu hiyo humwangukia yeyote aliye karibu. Wakati huo haguswi, huachwa hata atulie. Kioo ndicho kilichokuwa kikimtesa. Tukabandika karatasi sehemu ya chini ya dirisha, tukauhamisha mto upande wa uani, na mlango tukausugua kwa sabuni na siki, kwani dawa zenye harufu kali ya amonia hufanana na mkojo na humrudisha shume kuja kuweka alama upya.

Akashauri pia shume ahasiwe, apunguze kuzurura na kurusha mkojo. Hapa Kogo akasita: paka aliyehasiwa ataweza kazi? Afisa akamwambia hamu ya kuwinda haiondoki. Nikakumbuka kwamba hata wazee wetu wamesema paka hashibi kwa wali, matilabaye ni panya. Mimi nami nilikuwa na shaka yangu, ila si ya panya. Nikampigia simu sheikh mmoja wa Mombasa. Akaniambia kuwa katika madhehebu yetu ya Shafi, Imamu Nawawi amenakili katika sherehe ya Sahihi Muslim kwamba mnyama asiyeliwa hahasiwi. Na kwamba wapo wanazuoni wengine, kama Sheikh Ibn Uthaymin wa Saudia aliyefariki mwaka 2001, walioruhusu kwa paka wanaozidi na kuudhi, mradi wasidhurike. Nikamwuliza, basi nifuate lipi? Akajibu kwamba paka si wangu. Nisimshurutishe mwenyewe wala nisimzuie. Sikumwuliza juu ya nyau wangu, na hadi leo sijamwuliza.

Kogo alichukua wiki tatu kuamua, na uamuzi wake ulikuwa la. Badala yake humwekea shume maziwa ghalani kila magharibi ikikaribia, ili giza liingie akiwa kazini. Mara nyingi hukaa. Mara nyingine haji kwa siku nne, kisha usiku wa tano namsikia juu ya mabati.

Wiki iliyopita, alfajiri, niliacha kopo la maji ya udhu mlangoni nikarudi ndani kutafuta kofia. Nilipotoka shume alikuwa amelikumbatia kopo, anakunywa. Mkono wangu ulikwisha inuka nimfukuze. Nikamkumbuka sahaba Abu Qatada, ambaye paka alimjia kunywa katika maji yake ya udhu, naye akamwinamishia chombo hata akatosheka, akasema Mtume (S.A.W.) amewaeleza kuwa paka si najisi, ni katika wanaotuzunguka. Nikaushusha mkono. Alipomaliza nikatawadha kwa yaliyobaki, yakiwa baridi kama yalivyo maji ya kule asubuhi.

Nyau alikuwa ndani, kwenye mto wake wa uani, hakuona kitu. Binti yangu humpelekea chakula mwenyewe siku hizi. Humwekea sahani, kisha hurudi nyuma hatua mbili na kusimama.