Mawese ya Rumonge Yamnufaisha Nani?



Magari hutoka Rumonge kwenda Bujumbura yakiwa na madumu ya mawese. Nyuma ya kila dumu yupo mkataji aliyepanda mchikichi alfajiri, mpagazi aliyebeba ngazi kichwani, na mama aliyechemsha na kukamua. Biashara ipo. Je, umaskini umeondoka?

Tunaambiwa kwamba nchi maskini zitaokolewa na biashara. Sisi hatuikatai biashara, kwani asiyeuza kitu hanunui hata chumvi. Tunauliza tu: mizani imeshikwa na nani?

Tuutazame mchikichi wenyewe. Mwaka 1911 kampuni ya Lever ya Uingereza ilipewa na Ubelgiji maeneo makubwa ya michikichi huko Kongo. Sabuni ikauzwa duniani, faida ikaenda Ulaya. Wakataji wa Kwilu walishurutishwa kufanya kazi kwa ujira duni, na mwaka 1931 Wapende wakaasi. Askari wa mkoloni wakawaua mamia. Biashara ilikuwa kubwa, umaskini ukabaki palepale.

Mti huohuo ulipelekwa Malaysia. Shirika la serikali, FELDA, lililoanzishwa mwaka 1956, liliwapa wakulima wasio na ardhi mashamba ya kama hekta 4 kila familia, likajenga viwanda karibu nao. Gharama walizilipa kidogokidogo kutokana na mavuno. Familia nyingi zilitoka katika ufukara. Lakini hata huko, vibarua waliotoka nchi nyingine wamelalamikia ujira na makazi yao. Basi kosa si la mti. Neno ni nani mwenye shamba, mashine na mizani.

Turudi kwetu. Mkulima aliyebanwa na karo au ugonjwa huuza ngazi zingali mtini, kwa bei ya mnunuzi. Mavuno yakijaa, bei hushuka. Mwenye ghala hununua, hungoja, huuza bei ikipanda. Sisi hatuwezi kungoja, maana chakula cha leo hutafutwa leo. Na mkataji akianguka, ukamuaji hausimami hata saa moja. Mwingine hupanda mahali pake, naye hubaki nyumbani bila senti.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, mashine za kukamulia na ghala viwe vya ushirika, pamoja na mfuko wa kukopeshana ili mtu asiuze mavuno kabla hayajaiva. Pili, ngazi zipimwe kwa mizani, mbele ya mkataji na mpagazi, wala zisikadiriwe kwa macho. Tatu, atakayeumia kazini atibiwe na kulipwa.

Hayo hayatashuka kutoka mbinguni, wala hayatapatikana kwa kila mtu kulalamika peke yake. Tuyajadili mkutanoni, wakataji, wapagazi na wakamuaji pamoja. Biashara itapunguza umaskini siku ambayo anayekata ngazi atakula mawese yake, na akabaki na ya kuuza.