Nati Tatu Hazitoshi

Wapo wenye magari ya zamani ambao, wakimwona fundi akiinuka na kipande cha stadi mkononi, huuliza swali moja tu: je, nati tatu zilizosalia hazitatufikisha? Fundi naye, kwa kuchelea kumpoteza mteja, hujibu kwamba zitafika. Jawabu hilo ndilo ninalolipinga, na ningependa walimu wa fizikia na wanafunzi wao wawe mashahidi wangu, maadamu hoja yenyewe imo vitabuni mwao.

Stadi hii haina undugu na ustadi. Ni neno la gereji lililotoholewa kutoka Kiingereza, na maana yake ni kile kijiti cha chuma kilichopenya kisahani cha ekseli kikachomoza nje, ili gurudumu livishwe na nati ikazwe. Tuchukue mfano wa Datsun 160J, jamii ya magari ya Violet yaliyompa Shekhar Mehta ushindi wa Safari Rally mara nne mfululizo, tangu 1979 hadi 1982. Kila gurudumu la gari hilo lina stadi nne, zenye unene wa milimita 12.

Wengi hudhani kwamba stadi hubeba gurudumu kama msumari ubebavyo koti ukutani. Sivyo. Nati ikikazwa, stadi hunyooka kidogo mno mithili ya springi, nayo kwa kutaka kuurejea urefu wake huligandamiza gurudumu kwenye dramu. Msuguano utokanao na mgandamizo huo ndio ubebao mzigo. Hiyo ni kanuni ambayo Robert Hooke aliichapisha mwaka wa 1678, na ambayo wanafunzi wetu huikariri kwa ajili ya mtihani pasipo kuambiwa kwamba matatu iliyowaleta shuleni asubuhi imeitegemea. Stadi moja ikikatika, robo ya mgandamizo imekwenda, tena ya upande mmoja. Gurudumu huanza kucheza kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, na kila mzunguko huzipinda stadi zilizobaki. Gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 60 huzunguka mara 530 hivi katika kila kilomita. Kutoka Nairobi hadi Mombasa, hiyo ni mizunguko zaidi ya 250,000. Hata waya mgumu ukipindwa huku na huku hukatika kabla hujafika mia.

Kwa hiyo kipande kilichokatika kisitupwe kabla hakijasomwa. Kitazame usoni, pale kilipovunjikia. Ukiona sehemu laini, yenye vijistari kama alama ziachwazo na maji yanapokupwa ufukoni, kisha sehemu nyingine ya kukwaruza inayong'aa, ujue ufa ulianza zamani ukawa unatambaa kidogo kidogo, na kwamba kipande cha mwisho tu ndicho kilichokatika leo. Huo ni uchovu wa chuma. Ukiona shingo iliyonyongeka na kuwa nyembamba, basi aliyekaza alizidisha nguvu: alivika bomba refu kwenye spana akaning'inia, au alipaka hesi mafuta, msuguano ukapungua, na nguvu ileile ikainyoosha stadi kupita kiasi. Kwa vyovyote vile, ndugu zake watatu walipitia mateso hayohayo. Mimi huona ni ubahili kubadilisha moja na kuziacha hizo.

Kazi yenyewe si ngumu kwa gurudumu la nyuma. Gari lisimame mahali tambarare, magurudumu mengine yazuiwe kwa mawe, na baada ya jeki liwekwe juu ya vigogo imara. Dramu ikishatolewa, stadi husukumwa kurudi nyuma. Heri kuisukuma kwa kifaa cha kukandamiza kuliko kuitwanga kwa nyundo nzito, kwa sababu kila pigo huishia kwenye beringi. Chini ya kichwa chake stadi ina meno madogo yanayouma tundu ili isizunguke, hivyo mpya huvutwa ndani polepole kwa washa kadhaa na nati ya zamani, hadi kichwa kikae barabara.

Mtego uko dukani. Ukienda Kirinyaga Road, Nairobi, utauziwa stadi ya Toyota yenye unene uleule wa milimita 12, na kwa macho huwezi kuitofautisha. Lakini hesi za Datsun zimeachana kwa milimita 1.25, ilhali za Toyota ni 1.5. Nati itaingia mizunguko miwili hivi, igome, na kijana wa gereji ataitia nguvu. Nenda na stadi kuukuu na nati yake mfukoni, upime papo hapo. Ama wale wanaochomelea kipande kipya juu ya kisiki cha zamani, moto wao huharibu ugumu uliotiwa chuma kiwandani. Hiyo si stadi tena.

Nati zikazwe kwa kupishana pande, kwa kipimo cha kitabu cha gari, kisha zikazwe upya baada ya kilomita 100 hivi, kwa kuwa meno mapya huendelea kujituliza. Stadi kuukuu zisiende kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Mwalimu aziombe, azipitishe darasani mkono kwa mkono, na awaulize wanafunzi ni ipi iliyochoka na ni ipi iliyonyongwa.