Kibanio cha Ringi: Kuvuka Mdomo wa Silinda

Ringi ya pistoni ikiwa mezani huwa pana kuliko silinda iliyotengenezewa. Nguvu yake ya kutaka kutanuka ndiyo inayoikandamiza kwenye ukuta wa silinda na kuzuia gesi zisipenye kwenda chini. Nguvu hiyohiyo humsumbua fundi siku ya kufunga injini, kwa kuwa pistoni yenye ringi 3, mbili za kompresheni na moja ya oili, haiingii mpaka zote zibanwe. Hiyo ndiyo kazi ya kibanio cha ringi. Kiwe cha bei gani, kibanio hupimwa kwa jambo moja: namna ringi inavyovuka kutoka mdomo wake hadi mdomo wa silinda. Pakiwa na mwanya mdogo tu hapo, ringi huchomoka na kukwama kwenye ukingo wa bloku, na pigo linalofuata huivunja.

Kibanio kilichozoeleka zaidi gereji ni cha bati jembamba la chuma lililojiviringa, linalokazwa kwa ufunguo mdogo. Faida yake ni kukubali saizi nyingi: cha milimita 53 hadi 125 humtosha fundi anayefungua leo Toyota ya 1NZ-FE, yenye silinda za milimita 75, na kesho Land Cruiser ya 1HZ, yenye za milimita 94. Udhaifu wake uko pale bati linapojipandia lenyewe: huacha ngazi ndogo kwa ndani, na duara haliwi kamili. Kabla ya kununua, ukucha upitishwe ndani yake. Bati lenye kutu, mikunjo au makovu liachwe dukani. Urefu wake ufunike ringi zote huku sehemu ya chini ya pistoni ikibaki nje, maana hiyo ndiyo inayoiongoza iingie wima. Vibanio vingi vya aina hii vina vijino kwenye ukingo wa chini, vya kukalia bloku ili bati lisizame ndani ya silinda. Kikigeuzwa juu chini, vijino hivyo havisaidii kitu. Bati la kopo lililokazwa kwa klempu ya mpira wa maji halilali sawasawa juu ya bloku, na mwanya linaouacha ndio uleule unaovunja ringi.

Aina ya pili ni bomba la alumini lililochongwa mfano wa faneli: juu pana, chini sawa na silinda. Pistoni inaposukumwa, ringi hubanwa kidogokidogo bila kukazwa chochote, na zikifika chini hazina ngazi ya kuruka. Kwa ringi nyembamba za kisasa, hasa ringi ya oili ya vipande 3 ambayo vyuma vyake viwili vyembamba huchomoka upesi, bomba hili linalishinda bati kwa mbali. Kikwazo ni kwamba kila kipenyo kinataka bomba lake. Silinda ya 1HZ ikichongwa ovasaizi ya 0.50 huwa milimita 94.5, na bomba la 94 halipitishi tena pistoni. Karakana inayofunga injini za aina moja mwaka mzima inunue bomba. Gereji inayopokea kila gari ibaki na bati zuri.

Pikipiki ni habari nyingine. Kwenye Honda CG125, yenye silinda ya milimita 56.5, pistoni hukaa kwenye konrodi na silinda ndiyo inayoshushwa juu yake. Ringi zikishaingia, kibanio hubaki kimeizunguka konrodi, hivyo lazima kiwe cha kufunguka. Kinachofaa ni cha koleo, chenye mikanda ya kubadilisha kwa saizi. Ubao uliokatwa mfereji, ukiwekwa chini ya pistoni, huizuia isiyumbe.

Kibanio hakifichi kosa lililotangulia. Kila ringi iingizwe kwanza peke yake silindani na mwanya wa ncha zake upimwe kwa fila geji. Kitabu cha injini kikikosekana, makadirio ya kawaida ni milimita 0.004 kwa kila milimita ya kipenyo, yaani karibu 0.38 kwa silinda ya 94. Mwanya ukiwa finyu, ncha hukutana injini ikipata moto na ringi hukwaruza silinda. Koleo la kutanulia ringi linastahili bei yake, kwa sababu ringi ya chuma cha kalibu ikipindwa kwa vidole hukatika au hubaki imepinda.

Wakati wa kuingiza, oili ipakwe kwenye silinda, ringi na ndani ya kibanio, na boliti za konrodi zivishwe vipande vya mpira zisikwaruze kranki shafti. Pistoni husukumwa kwa mpini wa nyundo wa mti. Ikigoma, isiongezewe nguvu: itolewe, ringi ziangaliwe, kazi ianze upya. Boliti hukazwa kwa toki renchi ambayo kipimo kinachotakiwa hakiangukii mwanzoni kabisa mwa skeli yake, kwa kuwa huko usahihi hupungua. Ya lori haifai kwa boliti ndogo za pikipiki. Baada ya kila pistoni, kranki shafti izungushwe kwa mkono. Uzito ukiongezeka ghafla, pistoni iliyoingia mwisho ndiyo ya kufunguliwa.