Maua matatu yanayonyonya mazao yetu: tujifunze kuyatofautisha



Mahindi yanageuka manjano, yananyauka mchana, na mvua ilinyesha juzi tu. Mmoja anasema udongo umechoka, mwingine anasema shamba limelogwa. Kabla ya kutafuta mchawi, tuchuchumae, tuangalie kati ya mistari. Pengine kuna majani madogo yenye maua mazuri. Hayo ndiyo yanakula kabla yetu: mizizi yake inajishika kwenye mizizi ya zao na kunyonya maji na chakula.

Kwa jumla tunayaita striga. Tanzania wanasema kiduha. Lakini si aina moja, na dawa ya moja si dawa ya nyingine.

Ya kwanza: ua la waridi. Ni Striga hermonthica. Inapita goti, na inaweza kufika mita moja. Maua ni makubwa, rangi ya waridi au zambarau. Inashambulia mahindi, mtama na mpunga wa nchi kavu.

Ya pili: ua jekundu. Ni Striga asiatica. Ni fupi, mara nyingi haipiti sentimita 30, na maua ni madogo, mekundu sana. Mara mojamoja ni ya manjano au meupe. Inashambulia mazao yale yale.

Ya tatu: ua jeupe. Ni Rhamphicarpa fistulosa, ndugu wa striga. Majani yake ni membamba kama nyuzi, ua lina shingo ndefu na linafunguka jioni. Ukipita mchana unaweza usilione. Hii ni ya mashamba ya mpunga yenye unyevu.

Kwa hiyo, kwanza uliza: nimesimama wapi? Striga haivumilii udongo uliojaa maji. Kwenye mahindi ya mlimani, tafuta waridi na nyekundu. Kwenye mpunga wa bondeni, kama Sange, Kiliba au Luvungi, tafuta nyeupe.

Na kama una mashaka? Si kila ua dogo ni adui. Usivute kwa nguvu, maana mizizi inakatika. Chimba taratibu pamoja na zao, suuza udongo kwa maji, halafu angalia kama mizizi imeshikana.

Tufanye nini?

Kwa ua jeupe, maji ndiyo silaha. Mbegu zake zinaota zenyewe kwenye unyevu na mwangaza, hata bila mpunga. Sawazisha shamba, tengeneza vizuri matuta ya kuzuia maji, na baada ya miche kushika, usiache shamba likauke ovyo.

Kwa waridi na nyekundu, mbegu inalala udongoni miaka mingi, hata zaidi ya 10, ikingoja harufu ya mizizi ya zao inalolipenda. Ukirudia mahindi kila msimu, unaiita mezani. Badilisha: weka soya, karanga au mihogo. Soya na karanga zinaamsha baadhi ya mbegu, lakini striga haipati pa kunyonya, inakufa. Pamba, ambayo wazee wa bonde la Ruzizi wanaikumbuka, inafanya vilevile. Magharibi ya Kenya wakulima wanapanda desmodiamu kati ya mistari ya mahindi: mizizi yake inaamsha striga na kuizuia isijishike, na majani yake ni chakula cha ng'ombe. Samadi nayo inasaidia, kwa sababu striga inapenda udongo dhaifu.

Ua jekundu lina hatari yake. La waridi linahitaji wadudu walete chavua kutoka kwa mmea mwingine. Jekundu linajichavusha lenyewe. Mmea mmoja tu unatosha kuanzisha balaa. Mwaka 1956 liligunduliwa Marekani, katika North Carolina na South Carolina, na kazi ya kulimaliza imechukua makumi ya miaka.

Mmea mmoja wa waridi unaweza kutoa mbegu zaidi ya 50,000, ndogo kama vumbi. Zinasafiri kwenye jembe, viatu, maji na mbegu tunazopeana. Basi ng'oa kabla maua hayajawa mbegu, choma, usitupe njiani. Safisha jembe kabla ya kwenda kwa jirani. Na mbegu za kupanda zisitoke kwenye shamba lenye ugonjwa huu, hata kama mwenye shamba ni shemeji.

Shamba la mtu mmoja likiachwa, msimu ujao ni la koperative nzima. Ukiona ua usilolifahamu, lichimbe na mizizi yake, ulilete kwenye mkutano tuliangalie pamoja.