El Niño inakuja ama haiji? Uzi mfupi

1/ Kila bahari ikipata joto, mjadala ni ule ule. Mmoja: "El Niño inakuja, tutenge pesa." Mwingine: "Uongo, wanataka kula." Wacha nieleze bila kutaja mtu.

2/ El Niño ni joto la Bahari ya Pasifiki, mbali na sisi. Mvua zetu za vuli, Oktoba hadi Desemba, zinategemea pia Bahari Hindi. Maji ya upande wetu yakipata joto kuliko kawaida na ya upande wa Indonesia yakipoa, mvua hutuzidia.

3/ 1997 bahari zote mbili zilisukuma pamoja, tukaona mafuriko. 2015 El Niño ilikuwa kali, lakini mvua haikufikia ile ya 1997. 2019 Pasifiki ilitulia, Bahari Hindi peke yake ikatosha: West Pokot milima iliporomoka, watu wakafa.

4/ Kwa hivyo ukiambiwa "uwezekano ni asilimia 70", hiyo si ahadi. Mara 3 kwa 10 haitakuwa hivyo, na hujadanganywa.

5/ 2023 hata mimi nilipumua niliposikia jukwaani kwamba El Niño haiji tena. Novemba, sehemu za Garissa, Mandera na Tana River zilikuwa chini ya maji.

6/ Usimuulize kiongozi kama utabiri ulitimia. Muulize: mitaro ilizibuliwa lini? Pesa za dharura zilinunua nini? Mvua isipokuja, mtaro safi bado utabaki. Risiti pia.