Kabla Hujampa Mtu Riwaya

Mtu akikuuliza unasoma riwaya gani siku hizi, jibu lako huenda lilishapikwa darasani zamani: "Inahusu ukoloni na nafasi ya mwanamke katika jamii." Muulizaji ataitikia kwa adabu, kisha mazungumzo yatahamia kwenye mpira. Usimlaumu. Dhamira ni chombo cha mtihani. Riwaya mia zinaweza kubeba dhamira ileile, na nyingi kati yake zikakutia usingizi kabla ya sura ya pili.

Katika uhakiki tunalo swali jingine, na nashangaa halijatoka madarasani kwenda barazani: humu ndani, nani anajua nini, na anakijua lini? Msomaji anaweza kumtangulia mhusika, akaenda naye sambamba, au akaachwa nyuma. Sehemu kubwa ya raha ya kusoma, na karaha pia, inaanzia hapo.

Mezani kwangu sasa hivi ipo Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994 na kufasiriwa na Ida Hadjivayanis. Tafsiri ilitoka mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kutunukiwa Nobel. Yusuf ana miaka 12. Anaambiwa atasafiri na Aziz, mfanyabiashara tajiri ambaye yeye anamdhania ni jamaa yao. Sisi tunapewa dalili za kutosha kujua kwamba baba yake ana deni na kwamba mtoto ndiye rehani. Yusuf hajui. Tunapanda naye treni akiwa bado na furaha ya safari, na hatuna la kumwambia. Wa kumfungua macho ni Khalil, kijana wa dukani kwa Aziz, ambaye naye aliletwa pale kwa deni la mzazi.

Hapo msomaji ametangulia, na kutangulia huko kunauma. Mwandishi mwingine angelipiga kelele: angeleta machozi, laana na hotuba ya mama. Gurnah anaacha pengo kati ya tunachokijua sisi na anachokijua mtoto, kisha anasimulia kwa utulivu kana kwamba pengo halipo. Nikimpendekezea mtu Peponi, simwambii kuhusu misafara ya bara wala Wajerumani waliokuwa wakijitandaza, ingawa vyote vimo. Namwambia: kuna mtoto ambaye kila mtu anajua habari zake isipokuwa yeye mwenyewe. Asiyestahimili hali hiyo asiishike.

Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1974, inakwenda njia nyingine kabisa. Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu, anajisimulia mwenyewe. Watu wengi huamini kwamba msimulizi anayesema "mimi" ndiye mkweli kuliko wote, kwa kuwa alikuwepo. Mimi naona nafsi ya kwanza ndiyo maficho makubwa kuliko yote ambayo mwandishi anaweza kumpa mhusika, maana hatuoni ila kile ambacho huyo "mimi" amekubali kukitazama. Kazimoto ana akili, ana ulimi, na ana sababu ya kuwa na hasira: Manase alimpa mimba dada yake. Kwa hiyo tunamwamini. Tunakwenda naye bega kwa bega, tunawapima wanakijiji kwa mizani yake, na kurasa nyingi zinapita kabla hatujaanza kuitilia shaka mizani yenyewe.

Mtego huo haufanyi kazi ukiwa umesimuliwa mwisho, ndiyo maana sitausimulia. Nasema tu kwamba kitabu hiki simpi mtu aliye msibani, wala kijana aliyekwishaanza kuona kwamba hakuna lenye maana. Mpe mwenye usingizi mzuri.

Kwa mtu aliyeacha riwaya tangu siku ya mtihani wa kidato cha nne, mimi humwanzishia kwa mpelelezi Bwana Msa. Muhammed Said Abdulla alimtoa katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, na hapo msomaji ndiye anayeachwa nyuma. Bwana Msa na kiko chake anaona tunachokiona, ila yeye anaelewa upesi. Waliokulia kwa Willy Gamba wa Elvis Musiba watashangaa jinsi bastola isivyokuwa na kazi kubwa huku.

Tangu filamu ya Amil Shivji itoke mwaka 2021, wapo wanaoitafuta Vuta n'Kuvute ya Adam Shafi kwa kuwa wameona picha zake kwanza. Hao usiwahangaishe na maelezo. Wasomee mwanzo tu: Yasmin, miaka 15, anaozwa kwa Bwana Raza, miaka 52. Hakuna siri, hakuna pengo. Msomaji anajua kila ambacho Yasmin anakijua, na kwa mara moja tu jambo hilo linatosha kumsukuma hadi mtaa wa Ng'ambo, nyumbani kwa Mwajuma, rafiki wa Yasmin.

Halafu ipo Nagona, ya Kezilahabi tena, kijitabu chembamba ambacho ndani yake msimulizi hajui yuko wapi, anaokutana nao hawamwelezi kitu, na msomaji hana pa kushika. Kuna wanaosema ni falsafa, si riwaya. Sikubaliani nao, lakini sitabishana na aliyekitupa baada ya kurasa kumi. Usimpe mtu Nagona kwa kuwa wewe umeipenda. Mpe akikuomba mara ya pili. Akirudi kulalamika kwamba ameisoma mara mbili na bado hajaelewa, mpe Mzingile, ya Kezilahabi huyohuyo.