Kubadili na Kuthibitisha Tarehe za Hijria katika Hati za Tendi

Mtafiti wa fasihi ya Kiswahili ya kale hawezi kuikwepa kalenda ya Hijria. Watunzi na wanakili wa Pate, Lamu na Mombasa waliandika tarehe zao kwa kalenda hiyo, nasi hulazimika kuzigeuza ziwe za Miladia. Siku hizi kazi hiyo aghalabu huachiwa programu fupi ya tarakilishi. Makala hii inanuia kueleza kwa nini programu hiyo haina budi kuithibitisha tarehe kabla na baada ya kuibadili.

Kwanza ni mwaka. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, hivyo ni mfupi kuliko wa jua kwa siku 11 hivi. Anayejumlisha 622 tu ataufanya mwaka 1141 kuwa 1763, ilhali ulianza Agosti 1728 na kukoma Julai 1729. Huo ndio mwaka unaohusishwa na Utendi wa Tambuka, nasi tumezoea kuandika 1728 bila kusita. Hata hivyo, kazi iliyokamilika Rajabu au Ramadhani ya 1141 ni ya 1729. Kwa hivyo, pale ambapo hati haitaji mwezi, programu iandike 1728/1729 wala isijibunie mwezi.

Pili ni mwezi. Waswahili huanza kuhesabu miezi baada ya mfungo wa Ramadhani: Mfunguo Mosi ni Shawali, mwezi wa kumi wa Hijria. Programu isiyoelezwa hivyo itauchukua Mfunguo Sita kuwa mwezi wa sita, kumbe ni wa tatu, mwezi wa Maulidi. Kanuni ni nyepesi: kwa Mfunguo Mosi hadi Tatu, ongeza tisa, kwa Mfunguo Nne hadi Kenda, toa tatu. Rajabu, Shaabani na Ramadhani hubaki wa saba, wa nane na wa tisa.

Tatu ni siku. Programu ikatae siku ya 31 na mwezi wa 13, lakini isiikatae tarehe 30 Mfunguo Tano kwa kuwa jedwali linaupa mwezi huo siku 29. Mwandishi aliufuata mwandamo, hakulifuata jedwali. Tofauti ya siku moja ivumiliwe. Shahidi bora ni siku ya juma. Hati ikisema Ijumaa na programu ikatoa Jumatatu, ama tumeisoma vibaya hati ama tumekosea hesabu. Tukumbuke pia kuwa siku ya Kiswahili huanza magharibi: usiku wa Ijumaa hutangulia mchana wake.

Hatimaye, tarehe asilia ihifadhiwe daima kando ya ile iliyobadilishwa. Tukiifuta, msomaji wa kesho hatakuwa na njia ya kutusahihisha, na kosa letu litanukuliwa tasnifu baada ya tasnifu.